Kushusha injini ya Land Rover 109 nyumbani: miguu mitatu, kreni ya kukodi au kutoa giaboksi?

Mkulima wa Kilosa
Wakuu, habari za jioni. Nina Land Rover Series III, 109, petroli, lita 2.25, ya mwaka 1978. Aliinunua marehemu baba na mimi sitaiuza. Nikipanda mlima na magunia, injini inanguruma lakini gari haliendi, klachi inateleza. Halafu pale injini inapokutana na giaboksi kuna oili inadondoka, kila asubuhi nakuta doa chini la ukubwa wa kisahani.

Nataka kuifanya mwenyewe uani, mdogo wangu atanishikia. Nimewaza njia tatu. Kwanza, kusimamisha miguu mitatu ya mabomba na cheni bloku (winchi ya cheni ya kuinulia mizigo kwa mkono), niivute injini kwa mbele. Pili, kukodi kreni ya gereji kwa siku moja. Tatu, kuiacha injini mahali pake na kutoa giaboksi. Uani kwangu ni udongo mtupu. Mngekuwa ninyi mngefanya ipi?

Fundi Spana za Inchi
Mkuu, kabla ya kugusa nati yoyote, jua kwanza hiyo oili inatoka wapi. Chini ya nyumba ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) kuna tundu dogo lenye nyuzi. Kizibo chake hufungwa gari likienda kuvuka maji, siku nyingine tundu hukaa wazi. Kinga oili ya hapo kwenye kifuniko cha chupa, uinuse na uisugue kwa vidole. Ya giaboksi ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti, hutaikosea. Ya injini ni nyepesi, na ikiwa imetumika ni nyeusi.

Ikiwa ni ya giaboksi, njia yako ya tatu ina maana. Ikiwa ni ya injini, sili ya nyuma ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) imechoka, na hiyo huifikii vizuri bila kufungua sampo (bakuli la oili chini ya injini) na kepu ya beringi ya nyuma. Hapo shusha injini, usijisumbue na giaboksi.

Kijana wa Moshi
Mimi nilitoa giaboksi kwenye ya kwangu, nawaambia sirudii. Unafungua sakafu, unaondoa boksi la viti lote, propela shafti mbili, breki ya mkono, halafu ule mzigo wa giaboksi na transifa (boksi la kugawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) unautolea mlangoni. Skrubu za sakafu zilikuwa zimeshikana na kutu, nilimaliza siku nzima kwa tindo na dizeli. Tulikuwa wanaume watatu na bado ilitulalia kwenye kizingiti cha mlango, alumini ikapinda. Na klachi tu ndiyo niliyobadilisha! Kama kuna njia ya mbele, pita mbele.

Bi wa Nyali
Salamu kutoka Mombasa. Mimi nina Volkswagen Beetle, na kwetu injini hutoka kwa chini: nati na boliti nne kubwa, waya chache, kebo ya akselereta, za hita, paipu ya petroli unaibana, kisha unaishusha kwa jeki na kuinua mkia wa gari mpaka injini ipite chini. Najua si sawa na ya ndugu yetu. Nataka tu kusema jambo la petroli, kwa sababu nimeona mtu akiungua mkono. Toa waya wa betri kwanza, kabla ya paipu yoyote. Halafu ziba mdomo wa paipu kwa boliti inayoingia sawasawa, usizibe kwa kitambaa. Kitambaa kinanyonya petroli na kuikalisha pale pale unapofanyia kazi.

Dereva Mstaafu
Mwanangu wa Kilosa, pole na kazi. Kreni ya kukodi ni nzuri juu ya sakafu ya saruji. Kwenye udongo vigurudumu vyake vidogo vinazama, na injini ikiwa hewani hutaweza kuisogeza hata hatua moja. Tena kumbuka ule mkono wake ukiuvuta nje mpaka mwisho, uzito unaoruhusiwa unapungua sana. Soma namba iliyoandikwa kwenye tundu la pini unalotumia, usisome ile kubwa ya ubavuni. Injini hiyo na klachi yake ni kama kilo 200.

Kwa uani wako mimi nasema miguu mitatu. Mabomba mazito ya chuma, cheni bloku ya tani moja, na chini zungusha cheni kwenye miguu yote ili isitanuke. Kila mguu uukalishe juu ya ubao mpana. Ikishapanda, usisogeze injini; sukuma gari lirudi nyuma. Na tafadhali, usifunge cheni bloku kwenye tawi la mwembe wala kwenye kenchi ya paa. Injini ikining'inia, mtu asiingize mguu wala mkono chini yake, hata kuokota spana.

Mkulima wa Kilosa
Shikamoo mzee, nashukuru sana. Nimepima ile oili kama Fundi alivyosema. Nyeusi, nyepesi, haina harufu ya kiberiti. Basi ni injini. Kreni nimeiacha. Fundi, nianzie wapi?

Fundi Spana za Inchi
Betri, maji, oili. Boneti itoke nzima. Kisha toa paneli ya mbele pamoja na rejeta yake. Kwenye Series III taa kubwa ziko kwenye madigadi, kwa hiyo paneli inatoka bila kuhangaika na taa. Hapo mbele panakuwa wazi kabisa. Bomba la moshi, waya za stata na alteneta, kebo, paipu za hita. Sakafu ya mbele lazima ifunguliwe ili ufikie nati za juu za giaboksi. Weka jeki na ubao chini ya giaboksi KABLA ya kuachanisha, la sivyo itainamisha pua na kuning'inia.

Sasa sikiliza vizuri, maana kushusha ni nusu ya kazi. Kwenye kepu ya beringi ya nyuma kuna sili mbili ndogo zenye umbo la herufi T, moja kila upande. Ukingo wa bloku ni mkali na huzikata wakati kepu inapanda. Lainisha ukingo kidogo kwa faili, paka grisi, uingize polepole, na uziache zichomoze kidogo sana juu ya kepu ili sampo izibane. Watu hubadilisha sili kubwa, hizi wakazikata bila kujua, oili ikarudi wiki hiyo hiyo.

Klachi pleti uisimamishe katikati barabara. Mimi nina kipande cha mninga alichonichongea seremala, kinaingia kwenye bushi ya krenki na kujaza tundu la pleti.

Wakati wa kurudisha, shafti ya giaboksi ikikataa kuingia kwenye klachi, tia gia ya nne, vuta breki ya mkono, zungusha krenki kidogo kidogo kwa hendeli huku mwenzako akisukuma. Meno yatakutana. Ikibaki nafasi ya kidole kati ya injini na giaboksi, usiivute kwa kukaza nati. Utapinda pleti au kuvunja sikio la nyumba ya klachi, na alumini ile haina msamaha.

Mkulima wa Kilosa
Wakuu, narudi na majibu. Jumamosi mbili. Ya kwanza injini ilitoka bila tatizo, mdogo wangu akilisukuma gari nyuma kama mzee alivyosema. Zile sili za T tulizikuta, moja imekatwa nusu, bila shaka tangu ilipofungwa mara ya mwisho.

Kurudisha kulitutoa jasho. Ilibaki nafasi ya vidole viwili kwa saa nzima na nilishaishika spana ili nikaze. Nikakumbuka, nikaiweka chini. Tukashusha jeki ya giaboksi kidogo tu, mdogo wangu akazungusha hendeli, tukasikia "tup" na injini ikakaa yenyewe.

Jana nimepanda mlima na magunia nane, gia ya pili, haikuteleza. Leo asubuhi nimeweka karatasi nyeupe chini ya lile tundu. Ni kavu.

Dereva Mstaafu
Safi sana, mwanangu. Ukishatembea siku chache, kaza tena boliti za maunti za injini, zile mpira mpya hulala.