Naomba ushauri: stori ya askari huyu wa Australia nianzie wapi?

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naandaa stori ya kusoma kwa sauti kama dakika tano hivi, inamhusu Bruce Kingsbury, askari wa miguu wa Australia batalioni ya 2/14. Jamaa kazaliwa Melbourne 1918, kabla ya Vita ya Pili ya Dunia alikuwa dalali wa nyumba, 1941 akapigana Syria halafu mwaka uliofuata wakapelekwa Papua (leo ni sehemu ya Papua New Guinea) kuwazuia Wajapani kwenye njia ya milimani ya Kokoda. Tarehe 29 Agosti 1942 pale Isurava Wajapani walishapenya wanakaribia makao ya batalioni, yeye akashika bunduki ya rashasha aina ya Bren akakimbia mbele huku anafyatua kutokea kiunoni mpaka wakarudi nyuma, hapo hapo mdunguaji akamuwahi. Miaka 24 tu jamani! Victoria Cross, ile nishani ya juu kabisa ya ushujaa, kapewa akiwa ameshakufa, kaburi lake liko Bomana karibu na Port Moresby.

Nilianza na kuzaliwa ikawa kama fomu ya kuombea kazi, nikaanza na kifo, niliowasomea wakasema utamu umeisha mapema.

Sasa nianzie wapi? Na mliopita jeshini, lile kundi dogo la askari kama 30 ndani ya batalioni niliite platuni au kikosi? Maana kikosi naona kinabeba kila kitu.