Mrejesho: ile kamera ya megapikseli 61

Wakuu, niliuliza kama Sony a7R IV inamfaa mpigapicha wa Mbeya anayeishi kwa harusi na kupenda mandhari. Nimeichukua, mtumba.

Kitulo, ile hifadhi ya maua, ndiko inakojidai. Nilipiga okidi kutoka kwenye njia, sikutaka kukanyaga nyasi, halafu nyumbani nikaikata picha hadi likabaki ua moja: vinyweleo vya kwenye shina unaviona, na bado inachapika kubwa. Vivuli vya bondeni navyo ukiviinua kwenye kompyuta vinatoa rangi, si chenga.

Harusini ni habari nyingine. Faili moja la RAW (picha ghafi, kabla kamera haijaichakata) lisilobanwa ni kama MB 120. Kadi ya GB 64 inajaa kabla keki haijakatwa, na laptopu yangu inahema. Shata ya kimya isahauni: sensa (kile kipande kinachonasa mwanga) inasoma picha mstari kwa mstari, polepole, kwa hiyo mtu akirusha mkono kwenye dansi unatoka umepinda. Na ukitikisika kidogo tu, megapikseli zote hizo zinakuumbua. Ukumbini kasi ya shata siishushi chini ya 1/250 ya sekunde.

Betri haina neno, hata kwa baridi lile.

Wa harusi tupu, chukueni a7 III ya megapikseli 24, chenji iende kwenye lenzi. Mimi yangu siuzi.