Yule mjuaji wetu wa Oscar amenivua nguo mbele ya mkwe wangu

Chokaa ya Kibokoni – Jumatatu, 3 Machi 2025, saa tano na nusu usiku

Sitaji jina. Mwamjua. Mtaa mzima wamjua, na mgeni akishuka treni leo Miritini, kesho asubuhi ashaambiwa na yeye ni filamu gani itashinda na kwa nini sisi wengine ni mbumbumbu.

Nimetoka barazani sasa hivi. Mikono yanitetemeka, kahawa sikuimaliza, kashata nimeiacha pale pale, mimi ambaye sijaacha kashata tangu nizaliwe. Yule bwana amecheza sauti yangu kwenye spika. Mbele ya mkwe wangu. Na si spika ya simu, ni lile lispika la kuchaji analowakodisha watu wa harusi.

Grupu letu la kubashiri Oscar, zile tuzo za filamu za Marekani, mwalijua, wengi wenu mumo. Majina ya wanaowania yakitoka, kila mtu aweka orodha yake: filamu bora, mwongozaji, waigizaji, mpaka zile filamu fupi ambazo hakuna aliyeziona. Mwaka huu yalipotoka Januari, huyu bwana akaamka na Emilia Pérez. Kwa sababu gani? Kwa sababu imetajwa mara 13. Basi! Hakuitazama, maana aliniuliza mimi kama ni ya Kifaransa au ya Kihispania, na nilipomwambia mwongozaji ni Mfaransa na waigizaji wanasema Kihispania, akadai namchanganya kusudi. "Itazoa zote." Tukamwambia yakhe, mwaka 2022 The Power of the Dog ilitajwa mara 12 ikaondoka na moja, na filamu bora ikabebwa na CODA iliyotajwa mara tatu tu. Akasema sisi twasoma vichwa vya habari. Halafu zikafukuliwa tweets za zamani za mwigizaji wao mkuu, kampeni ikaingia maji, naye akapotea grupuni tukadhani yuwaumwa.

Mimi nilisema Anora tangu Mei mwaka jana ilipobeba Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes. Ipo, tafuteni. Na mwigizaji bora wa kike nikasema Demi Moore. Kwa nini nisiseme Demi Moore? Golden Globe alichukua. Tuzo ya chama cha waigizaji alichukua. Alisimama na Golden Globe mkononi akasema zaidi ya miaka 45 kazini hajawahi kupewa chochote kwa uigizaji wake. Usipolia hapo wewe ni jiwe la Fort Jesus. Basi nikarekodi sauti grupuni, na nawapa kama ilivyo mujue ukubwa wa hasara:

"Wallahi Demi nampenda tangu utotoni. Amengoja sana. Mwaka huu lazima nimwone amepata haki yake, mniache na yeye."

Ndani ya grupu la filamu, chini ya orodha ya filamu, hayo ni maneno ya mtu mzima mwenye akili.

Leo baada ya tarawehe mkwe wangu akaja barazani. Mzee mwenyewe hatoki hatoki. Mimi ndiye niliyemwalika, nikampa kiti changu, nikammiminia kahawa kwa mkono wangu. Yule bwana akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema "Msikizeni mtabiri wetu," akabonyeza. "Demi nampenda tangu utotoni." Muuza mabuyu akasimama. "Amengoja sana." Ustadhi alikuwa akipita na kanzu yake, akapunguza mwendo.

Mkwe wangu akaweka kikombe chini, akaniuliza polepole, kwa upole ule unaoua: "Demi ndiye nani, mwanangu?"

Nikamwambia baba, ni mwigizaji wa Marekani, ana miaka 62.

"Umri sikuuliza."

Na yule yuwacheka! Yuwacheka na spika mapajani! Mtu wa Emilia Pérez! Ambaye leo leo asubuhi ameingia kwenye orodha yake ya Januari akaihariri, akaweka walioshinda. Filamu bora: Anora. Mwigizaji wa kike: Mikey Madison wa Anora. Mwongozaji: Sean Baker. Chini pameandikwa wazi, imehaririwa saa moja na dakika kumi asubuhi. Sherehe imekwisha, watu washaswali alfajiri, jua liko juu ya bahari, naye ndiyo kwanza anabashiri.

Nikanyamaza kwa sababu ni Ramadhani, na kwa sababu mzee alikuwa bado ananitazama. Nataka huyo mtu aje hapa. "Umri sikuuliza." Nitalalaje mimi jamani?

---

Pweza Mkavu
Nimesoma kutoka juu hadi chini nikitafuta malalamiko. Nimekuta posa.

Binti wa Tudor
Pole kaka, spika si haki hata kidogo. Lakini BAFTA hukuiona? Katikati ya Februari Waingereza walimpa Mikey Madison, na ile ya filamu huru ikamwendea yeye vile vile. Halafu Demi alikuwa kwenye filamu ya kutisha, na wapiga kura wa Oscar hawana mkono mwepesi kwa filamu za kutisha. Kathy Bates alipita mwaka 1991, lakini wa namna hiyo wahesabika. Usisahau 2021: walipanga tuzo ya mwigizaji wa kiume isomwe mwisho kabisa, dunia nzima ikingoja Chadwick Boseman, likasomwa jina la Anthony Hopkins, na mwenyewe hayumo ukumbini. Mimi niliweka Madison, na sikucheza sauti ya mtu.

Chokaa ya Kibokoni
Dada, sikuomba darasa. Nimechezewa sauti mbele ya mkwe.

Pweza Mkavu
Kwani mkwe alikuwa ameweka nani?

Fundi Simu Majengo
Afadhali umefungua huu uzi, mimi nilikuwa nauguza peke yangu. Ni yule yule aliyechukua flashi yangu akasema ataniwekea The Brutalist. Ikarudi ina filamu inayokomea pale kwenye mapumziko ya katikati. Mimi nikajua ndio mwisho, filamu za tuzo si huwa hazina mwisho? Nikaingia grupuni nikasifu jinsi mwongozaji alivyotuachia tuwaze wenyewe. Yeye alijua! Akaniacha nikaandika aya tatu, kisha akajibu "Haswa."

Pweza Mkavu
Fundi, kumbe ndiwe uliyesema "ukimya wa mwisho umenigusa"? Ule haukuwa ukimya, faili lilikuwa limekatika.

Shemeji Mtu
Shemeji, baba ashafika nyumbani. Amemuuliza mama kama amjua mtu aitwaye Demi. Mama amesema kuna mmoja anauza leso Makupa. Dada yuwakuuliza hapo barazani mwafunga saa ngapi.

Chokaa ya Kibokoni
MAKUPA TENA?

Mtu wa Mtongwe
Nyinyi mwalilia spika. Mimi nimeamka daku, nimekula, saa tisa niko mbele ya skrini, nimekaa mpaka kumekucha. Nimemvumilia Adrien Brody akitoa shukrani, hotuba ambayo ningevuka feri nikarudi nimkute bado yuwashukuru. Nimevumilia. Mwigizaji wa kike amesomwa, imebaki filamu bora peke yake, bahasha iko mkononi… stima zikapotea. Likoni yote zimekatika. Hao wa stima sitawataja na mimi, mwawajua. Matokeo nikayapata kwa yule mjuaji wenu, "Anora, kama nilivyosema." Nilitamani kuitupa simu baharini.

Mzee wa Regal
Watoto nyinyi mwashangaza. Sisi tulikaa kwenye sinema za Regal na Naaz, filamu ya Kihindi yenye urefu wa saa tatu, watu wanaimba pamoja na skrini, mtu anatoka macho mekundu na hana haya. Hakuna aliyeuliza imetajwa mara ngapi. Leo mtu hajatazama filamu lakini ajua chama cha watayarishaji wamempa nani.

Binti wa Tudor
Mzee, heshima yako, lakini chama cha watayarishaji ndicho cha kutazama. Wao wahesabu kama Oscar inavyohesabu filamu bora: mpiga kura azipanga zote kumi, ya chini kabisa inatolewa, karatasi zake zinahamia kwa waliyoiweka ya pili, inaendelea hivyo mpaka moja ivuke nusu. Kwa hiyo inayopendwa sana na wachache haifiki. Inafika isiyochukiwa. Tuzo nyingine mwenye kura nyingi ndiye anayebeba, mchezo ni tofauti kabisa. Anora walipoibeba ya watayarishaji na ya waongozaji Februari, mimi nilifunga daftari.

Mzee wa Regal
Na 2020 je? Filamu ya vita, 1917, ilibeba hizo zote mbili. Ikashindwa na Wakorea.

Binti wa Tudor
Kumbe mzee wafuatilia!

Mzee wa Regal
Wajukuu hunilazimisha.

Sambusa Moja
Haki ilikuwa ya Conclave. Waigizaji waliipa, Waingereza waliipa. Anora nimeiona mara moja, kelele tupu, nusu saa nzima watu wanavunjiana vyombo sebuleni.

Pweza Mkavu
Hiyo nusu saa ndiyo filamu yenyewe.

Sambusa Moja
Na huyo Sean Baker, mtu mmoja kubeba nne usiku mmoja kwa filamu moja! Ameandika, ameongoza, amehariri, ametayarisha. Alibaki kukata tiketi tu.

Chokaa ya Kibokoni
Jamani. Uzi ni wa spika.

Kanzu Mpya
Kuhusu spika, huyo bwana hukodisha kwa kiasi gani? Mpwa wangu ana harusi baada ya Iddi.

Mtu wa Mtongwe
Mzuri kwa bei, tena betri lake ladumu. Hata stima zikipotea.

Chokaa ya Kibokoni
Mwampa mtu biashara juu ya maiti yangu!

Mgeni wa Nyali
Mimi hamu yangu ya tuzo iliisha kwenye bisi. Nilimpeleka mke wangu ukumbi mmoja (sitaji), tukanunua bisi na soda mbili, nilipoona risiti nikadhani wamenihesabia na mlango. Filamu yenyewe ikawa na paka mmoja na mafuriko, hakuna hata mtu mmoja aliyesema neno.

Binti wa Tudor
Hiyo ni Flow, ya Latvia! Imeshinda katuni bora, na imetengenezwa kwa programu ya bure. Astaghfirullah, watu mnakaa mbele ya lulu mnahesabu bisi.

Pweza Mkavu
Chokaa, mwonyeshe mkwe hiyo. Hakuna Demi, na paka kama wale wa kwenu.

Simba wa Kisauni
Mimi nilimbashiri Lupita 2014.

Pweza Mkavu
Kenya nzima ilimbashiri Lupita 2014. Hata waliodhani ni mwanariadha.

Simba wa Kisauni
Mimi kabla ya wote.

Sambusa Moja
Na 2018 mlibashiri Watu Wote vile vile, mkapika pilau kabla ya matokeo.

Binti wa Tudor
Ile iliniuma. Mkasa wa basi la Mandera, Waislamu walivyokataa kutengwa na wenzao Wakristo, Kiswahili na Kisomali ndani ya Oscar. Ikashinda The Silent Child. Lakini niwaulize: kwenye orodha zenu za mwaka huu nani aliandika Nawi, iliyopelekwa kwa jina la Kenya? Na 2023 ilipopelekwa Mvera ya Daudi Anguka, wa huku huku Pwani, nani aliiona?

Simba wa Kisauni
…

Pweza Mkavu
…

Mgeni wa Nyali
Bisi zilikuwa ghali.

Binti wa Tudor
Ndio hayo. Wabrazil wameisukuma I'm Still Here mtandaoni usiku na mchana mpaka ikabeba ya kimataifa. Sisi twasukuma spika.

Mzee wa Regal
Binti asema kweli. Lakini sambusa za nje ya Regal hazijapata mfano mpaka leo.

Kanzu Mpya
Mzee, sambusa zilikuwa Naaz.

Mzee wa Regal
Wewe ulikuwa hujazaliwa.

Kanzu Mpya
Babangu alinihadithia.

Mzee wa Regal
Babako alikuwa hana nauli ya kufika Regal.

Shemeji Mtu
Shemeji, baba ameondoka tena na bakora. Asema aenda Makupa kuuliza bei ya leso.

Chokaa ya Kibokoni
Saa hizi? Niko njiani. Tuktuk ziko wapi usiku huu?

Mtu wa Mtongwe
Usinikumbushe tuktuk. Jana mmoja amenitoza kutoka Makadara hadi feri pesa ya kwenda Malindi, na bado amepakia mwingine na jogoo.

Sambusa Moja
Jogoo alilipa?

Fundi Simu Majengo
Samahani kidogo, kuna mwenye nusu ya pili ya The Brutalist?

Simba wa Kisauni
Ninayo. Lakini ilirekodiwa ukumbini, kuna kichwa cha mtu mbele.

Fundi Simu Majengo
Kichwa hakina neno. Niko dukani kesho mpaka adhuhuri, flashi naleta mwenyewe.