Tupeane uzoefu: mtoto yuko JKT, mzazi umebaki na kazi ya kumwombea chuo

Mama wa Kihonda, Morogoro

Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Binti yangu amemaliza kidato cha sita mwezi wa tano, kombi ya PCB (fizikia, kemia, baiolojia), na wiki iliyopita ameripoti kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), mafunzo ya kwa mujibu wa sheria. Simu kaiacha nyumbani. Kaniachia daftari lenye namba zake za mtihani, ya kidato cha nne na ya cha sita, na chini kaandika mstari mmoja: “Mama, matokeo yakitoka kabla sijarudi usinisubiri, niombee chuo.”

Mimi niliishia la saba, nauza vitenge sokoni. Baba yake dereva wa lori, saa hizi yuko kwenye foleni ya mpakani Tunduma. Hadi juzi nilidhani kuomba chuo na kuomba mkopo ni kitu kimoja (msinicheke). Kijana wa jirani ndiye aliyenifungua macho: chuo unaomba kwenye tovuti ya chuo chenyewe, dirisha la TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, likishafunguliwa matokeo yakitoka mwezi wa saba; mkopo unaomba Bodi ya Mikopo, na dirisha lao halingoji matokeo. Kwa hiyo maelekezo ninayo. Nachotaka ni mliopita njia hii mniambie mlijikwaa wapi.

Baba Mapacha, Tanga

Dada, hongera kwa kumfikisha huko. Jiwe la kwanza ni vyeti. Mapacha wangu walimaliza pamoja na kuomba mkopo pamoja. Kulwa hakuwa na shida. Doto, cheti cha kuzaliwa kinasoma Yusuph, cha kidato cha nne kinasoma Yusufu. Miaka 19 cheti kilikaa kabatini ndani ya nailoni, nikikitunza kama dhahabu, na sikuwahi kukisoma!

Uhakiki wa RITA, wale wa vyeti vya vizazi na vifo, si mgumu, unafanyika mtandaoni kwa namba ya malipo, sisi tulilipa 3,000 kwa cheti. Lakini uhakiki unasema tu kwamba cheti ni halali, hauigeuzi ph ikawa f. Tukaenda kwa wakili, kijana akaapa kwamba majina yote mawili ni ya kwake. Kiapo nacho kikatoka na kosa la herufi, tukarudi tena. Leo usiku tandika vyeti vyote mezani, soma herufi kwa herufi, pamoja na majina ya wazazi. Mpe na mtoto mdogo asome, macho yao ni makali kuliko yetu.

Fundi Saa, Iringa

Mimi nina kitochi. Kinapiga na kupokea, basi. Mwaka ule kijana wangu naye alikuwa kambini, matokeo yakatoka, nikabeba daftari kama la binti yako nikaenda steshenari. Kijana wa pale mwungwana kweli, alinikalisha, akaniletea na maji. Tukaomba vyuo vitatu, kila kimoja na ada yake ya maombi. Alipofika penye barua pepe na namba ya simu akaniuliza, “Mzee, tuweke ipi?” Nikamwambia weka yako, wewe ndiye mjuzi.

Mkeka, yaani orodha ya waliochaguliwa, ukatoka. Mtoto kachaguliwa vyuo viwili, nikafurahi, nikanunua kuku. Sikujua kwamba aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe anakwenda kipi, na namba ya siri ya kuthibitishia inatumwa kwa ujumbe kwenye ile simu iliyoandikwa kwenye maombi. Ujumbe ulikwenda kwa kijana wa steshenari. Naye alikuwa amekwenda kwao Ifakara kuuguza, kazima simu. Jirani yangu mwalimu ndiye aliyeniuliza, “Umeshamkonfemia?” Nikabaki nimekodoa. Zilikuwa zimebaki siku mbili.

Nilipanda basi la alfajiri hadi chuoni kwenyewe, ofisi ya udahili, nikaeleza kama nilivyoeleza hapa. Mama mmoja pale alinisikiliza hadi mwisho, wakabadilisha namba, ujumbe ukaingia kwenye kitochi changu mbele yake. Mikono inatetemeka, yeye ndiye aliyenisomea tarakimu.

Laini ya simu iwe yako, iwe haizimwi, na neno la siri liandikwe kwenye hilo daftari siku hiyohiyo, kabla hujainuka kwenye kiti cha steshenari.

Baba Mdogo, Musoma

Sisi tulikwama kwenye mkopo. Nimelea mtoto wa marehemu kaka. Kwetu mtu akifariki tunazika, tunaanua tanga, watu wanarudi mashambani. Cheti cha kifo nani alikuwa na habari nacho? Kumbe kwenye maombi ya mkopo, yatima bila cheti cha kifo cha mzazi ni maneno matupu. Kaka alifia kijijini 2011. Tulianza kukihangaikia mwezi wa sita, barua ya mtendaji wa kijiji, wilayani, nenda rudi, na mwezi wa nane ndiyo tukakishika.

Fomu yenyewe unaijaza mtandaoni, tulilipa 30,000 ya maombi, unaichapa, kisha safari ya sahihi: mwombaji, mdhamini, serikali ya mtaa, halafu wakili au hakimu. Muhuri ukikamilika unaskani na kuipandisha tena. Sahihi ya mwombaji ni yake, baba mdogo huwezi kumsainia. Tulingoja arudi kutoka kambini, akasaini bado na kipara chake cha JKT, zimebaki siku nne dirisha lifungwe. Mwingine niliyemlea, sijui nilitoa wapi akili, vyeti vyote nilihakiki angali kidato cha tano. Huyo tulimaliza kwa siku tatu.

Mwalimu Mstaafu, Songea

Mama wa Kihonda, uwe macho na watu watakaokwambia habari za zamani. Mwanangu wa kwanza aliomba 2013, enzi TCU inapokea maombi yote ya nchi kwenye mfumo mmoja. Wa pili 2018, nikajifanya mzoefu, nikakuta ule mfumo haupo tena, kila chuo kinapokea chenyewe.

La pili ni alama. A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Sifa ya jumla ya digrii ni jumla ya 4 kwa masomo mawili, maana yake hata D mbili zinafika. Sasa kuna wazazi wanalisikia hilo wanaomba udaktari wa binadamu kwenye vyuo vyote. Sifa ya chini inakuruhusu kupiga hodi. Wanaofunguliwa kwenye kozi kama hiyo ni wenye alama za juu kabisa, nafasi chache, waombaji lundo. Kwa PCB weka moja ya ndoto, lakini weka na maabara, famasia, uuguzi, kilimo, mifugo. Angalia mwongozo wa TCU wa mwaka huu, na usome masharti ya kidato cha nne pia, kuna kozi zinadai hesabu au Kiingereza cha huko.

Mama Mkubwa, Dodoma

Mimi kosa langu halikuwa la vyeti.

Mwanangu alikuwa PCM (fizikia, kemia, hesabu), alama nzuri. Kabla ya kwenda kambini aliniandikia kozi anazotaka, ya kwanza ilikuwa upimaji ardhi. Mimi nilikuwa na kaka yangu mhandisi, ana nyumba mbili, kila sikukuu anasifiwa. Usiku mmoja niko na kompyuta ya ofisini nikaibadilisha. Nikaweka uhandisi wa umeme juu, nyingine zote uhandisi, upimaji ardhi nikauacha nje. Nilijiambia atanishukuru. Aliporudi akaliona jina lake, akanyamaza, akasema “Sawa mama,” akapanga begi.

Mwaka wa kwanza sapu nne, mitihani ya kurudia. Mwaka wa pili akadisko, akaondolewa chuo kwa kufeli. Alikuja nyumbani na godoro lake na hakusema neno la kunilaumu, alikaa mwaka mzima akiuza vocha pale barabarani, na mimi ndiye niliyekuwa nashindwa kula.

Baadaye akaomba upya, mwenyewe. Sasa anamalizia kozi ile ile aliyokuwa ameiandika mwanzo kwenye karatasi. Safari hii neno la siri hakunipa. Nami sikuliomba.

Mdogo wangu, hilo daftari la binti yako, limeandikwa kozi? Kama hazimo, usiziweke za kwako.

Mama wa Kihonda, Morogoro

Dada Mama Mkubwa, pole sana. Hazimo. Ameandika “niombee chuo” tu. Nimeingia ubaridi.

Mwaka wa Pili, SUA

Shikamooni wazazi. Mimi si mzazi, ni mwanafunzi wa chuo kikuu cha SUA, mnivumilie. Mama, kambini kuna siku za wageni, na hata simu huwa zinapatikana siku nyingine, mwandikie au mwone, umuulize kozi tano kwa mpangilio na sababu ya kila moja. Sababu ndiyo muhimu, maana matokeo yakija tofauti utajua kipi cha kuruka.

Na mwambie hela mliyo nayo. Wazazi wengi mnaficha. Baba yangu alinikalisha akaniambia, “Mwanangu, ukikosa mkopo nina uwezo wa kiasi hiki kwa mwaka, si zaidi.” Niliumia siku hiyo. Lakini nilipofungua mwongozo nilikuwa najua ada ipi niruke. Mkopo nilipata, si wote, kinachopungua baba analipa kidogokidogo, na bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, likichelewa tunaishi kwa mchele wa nyumbani. Rafiki yangu wao walimwambia “usiwe na wasiwasi, Mungu atafungua,” akachagua chuo cha ada kubwa, mwaka wa kwanza akaahirisha masomo.

Kingine, msituulize mara tatu kwa siku kama mkeka umetoka. Ukitoka mtatusikia.

Bi Mkubwa wa Likoni, Mombasa

Salaam jamani. Huku kwetu Kenya maombi ya nafasi za serikali hupitia KUCCPS, taasisi ya kuwapangia wanafunzi vyuo, mahali pamoja, matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yakishatoka. Raha yake ni hiyo, lakini machozi ni yale yale. Mlango wa digrii ni C+. Mwanangu alipata C kavu. Majirani walikuja kunipa pole nikadhani nimefiwa. Wajomba wakataka arudie mtihani, mtoto hataki. Nikawaambia waniachie. Akaingia diploma ya umeme kwenye chuo cha ufundi, na siku hizi yeye ndiye anayeniunganishia stima, na maombi ya digrii anayajaza mwenyewe bila kuniuliza. Alama zikija pungufu, wewe ndiye utakayesimama mlangoni kuzuia maneno yasiingie ndani.

Mwalimu Mstaafu, Songea

Bi Mkubwa umenikumbusha. Hapa pia diploma ni njia, ukiimaliza na wastani (GPA) wa 3.0 unaomba digrii kama wengine, ukitimiza masharti ya kozi. Nimefundisha wengi waliopitia huko.

Mama wa Kihonda, Morogoro

Asanteni, nimesoma yote mara mbili, mengine kijana wa jirani kanisomea kwa sauti. Nimetandika vyeti mezani kama alivyosema Baba Mapacha. Jina la binti liko sawa kote. La kwangu ndilo limekosewa kwenye cheti chake cha kuzaliwa, wameandika Zainabu, kitambulisho changu cha NIDA kinasoma Zaina. Miaka yote hii! Kesho asubuhi sifungui kibanda, naenda kuuliza pa kuanzia.

Jumapili nakwenda kambini. Nimenunua karanga, mafuta ya kujipaka, na kalamu mbili, moja ikigoma.