Kishikwambi cha Bibi

Zuhura 07:12
Shikamooni wakubwa. Kishikwambi cha Bibi mpaka leo hakipigi simu. Leo jambo hili liishe. Mama Sefu, uko nacho?

Zuhura 07:50
Watu tisa mmesoma. Kimya.

Rama 08:03
Akiweke sikioni kama sinia 😂

Mama Sefu 08:31
Ninacho. Laini imekaa, bando linasoma, ila kitufe cha kupigia simu hakionekani.

Idi 08:40
Hicho laini yake ni ya intaneti tu. Vingi viko hivyo, hata iPad ya laini haipigi simu ya kawaida. Usibadilishe laini, utachosha tundu bure. Tumia WhatsApp.

Mama Sefu 08:52
Nimefungua, inataka niskani msimbo kwa simu nyingine. Bibi ana ya vitufe tu.

Zuhura 08:53
Usiskani kwa simu yako, zitaingia meseji zako! Gusa vidoti vitatu juu, chagua kusajili akaunti mpya, andika namba ya Bibi. Tarakimu 6 zitaingia kwa SMS kwenye simu yake ya vitufe. Zisome WEWE. Zisiletwe humu.

Rama 08:55
Mie nipo kusaidia kuzisoma

Zuhura 08:55
Wewe Rama hasa. Yale ya mwaka ule hatujasahau.

Rama 08:56
Si nilishalipa jamani

Mama Sefu 08:57
Nusu.

Idi 09:10
Tuendelee. Ukimaliza weka PIN ya hatua mbili, ruhusu maikrofoni, halafu ingia Mipangilio, Programu, WhatsApp, Betri, iondolee kizuizi. Usipofanya hivyo, kioo kikizima simu inaweza isiite kabisa, mtasema Bibi hapokei.

Mama Sefu 09:34
Imeingia! Nimejaribu kupiga, ila huko wanasema wanasikia sauti yao inajirudia, na mimi nipo mbali.

Idi 09:36
Spika inarudi kwenye maikrofoni. Punguza sauti au vaa spika za masikioni. Na angalia kava: kile kitundu kidogo ubavuni ndicho maikrofoni, makava mengi huziba.

Mama Sefu 09:41
Kava lilikuwa limegeuzwa. Sasa safi.

Zuhura 09:42
Bando nani analipa? Sauti haili sana, hata MB 1 kwa dakika haifiki. Video ndiyo mlafi.

Zuhura 11:15
Nimeuliza bando.

Baba Mkubwa 13:20
Marahaba. Simu ya vitufe isiondoke kwa mama yangu. Hicho kioo cha kuonana nyuso tu. Usiku akizidiwa, intaneti ikikatika atamwita nani?

Idi 13:48
Kweli Baba Mkubwa. Na WhatsApp haipigi namba za dharura.

Zuhura 13:50
Sawa Baba Mkubwa. Vyote viwili vibaki. Idi, Jumamosi nenda ukamfundishe kupokea, kile kitufe anakigusa badala ya kukiburuta juu.

Idi 18:02
Jumamosi sipo. Jumapili nitaona.

Zuhura 18:03
Kuona si kwenda. Na bando?

Mwajuma 22:47
Shikamooni, ndo naingia. Chaja ya hicho kishikwambi ninayo mimi huku.