Mrejesho: ile rivabu ya springi iliyokuwa inaunguruma

Wakuu nimerudi, ni mimi wa Ngamiani hapa Tanga niliyeuliza kwanini rivabu ya springi (kile kiboksi chenye springi ndani kinachoipa sauti mwangwi) niliyoichomoa kwenye ampu mbovu ya gitaa inaunguruma mmmm muda wote. Aliyesema transfoma kapatia! Kumbe koili ya kutolea sauti inanasa sumaku ya transfoma, nimelisogeza boksi la rivabu mbali na transfoma kama mita moja hivi nikaligeuza ubavu, mngurumo ukashuka mpaka nikacheka mwenyewe. Nikakata na besi chini ya 200 Hz kabla sauti haijaingia, maana kiki (ile ngoma kubwa ya besi) ilikuwa inalia boing kama kitanda cha springi. Gitaa sasa tamu balaa. Ila bodaboda ikipita nje, rivabu bado inatikisika, nimeiwekea sponji chini, afadhali kidogo.