Waliofika Ubelgiji: lugha ilikupotezea wapi? Tupeane uzoefu

Mzigo Mzito: Wakuu, nchi yenyewe ndogo, lugha rasmi 3: Kiholanzi kaskazini, Kifaransa kusini, Kijerumani kipande cha mashariki kule Eupen. Brussels wana Kifaransa na Kiholanzi pamoja. Naanza na aibu yangu. Nimekodi gari Brussels niende Mons, mji wa kusini kwa wasema Kifaransa. Simu imezima, maana chaja yangu ya pini tatu bapa haikuingia kwenye soketi zao za matundu mawili ya duara (adapta nunueni kabla ya safari). Nikasema nitafuata vibao. Mbele kidogo Mons ikatoweka, kila kibao Bergen, Bergen. Nikajua nishapotea, nikageuza. Kijana wa kituo cha mafuta alicheka mpaka akashika tumbo: Bergen ndiyo hiyohiyo Mons, kwa Kiholanzi. Barabara inapita kwa Waflamandi (wale wasema Kiholanzi wa kaskazini) kwanza, na vibao vyao ni vya lugha yao.

Binti Pangani: Afadhali wewe. Mimi nilikwenda kusoma, barua ya chuo inasema Louvain-la-Neuve. Nikasikia Leuven kwa Kifaransa ni Louvain, basi nikashuka Leuven na masanduku mawili, mvua hiyo! Kumbe miji miwili. Chuo kikuu kiligawanyika kwa ugomvi wa lugha uliochemka mwaka 1968, upande wa Kifaransa ukajengewa mji mpya kabisa. Nikarudi kwenye treni, nikabadilishia Ottignies, nimelowa chapachapa.

Mtoto wa Kadutu: Jambo ndugu zangu. Siye wa Bukavu, Kongo, Kifaransa tunakijua, na 70 yao ni "septante" kama kwetu, nikajiona mwenyeji. Naingia duka la mikate Antwerpen, kule kwa Waflamandi, "bonjour" ya nguvu. Mama akanijibu kwa Kiingereza, uso mkavu. Kesho yake nikasema "goedemorgen" (habari ya asubuhi kwa Kiholanzi), nikaishia hapohapo, sina neno lingine. Akacheka, akakitoa Kifaransa, tena kizuri kunishinda! Mkichoka nendeni Matonge, mtaa wa Waafrika pale Ixelles, Brussels; jina wamelitoa Kinshasa. Sombe (kisamvu) mtakula.

Sarafu Mfukoni: Langu fupi. Choo cha stesheni kinalipiwa, beba chenji za yuro. Dharura piga 112.

Mzigo Mzito: Mtoto wa Kadutu, hiyo sombe ina mawese ya kweli au wanatudanganya na mafuta ya alizeti?